Bendi tano za Waviking kwenye bango moja

Swali: "Shikamoo fundi. Mimi ni mwanafunzi hapa Hamburg, nyumbani Tanga. Majuzi nilikaa na wenzangu watatu tunaopenda metali, rock ile nzito ya magitaa ya umeme, tukaanza mchezo wa kupanga tamasha la kufikirika: jukwaa moja, siku moja, bendi sita. Mimi nikaandika Amon Amarth, Enslaved, Ensiferum, Týr na Moonsorrow, ya sita nikaweka Megadeth, Wamarekani wasio na habari za Waviking. Wakanirukia. Mmoja akasema hilo si tamasha, ni mnada wa pembe za kunywea bia. Wa pili akasema Amon Amarth si metali ya Waviking hata kidogo. Wa tatu akasema yote ni upepo wa televisheni, utapita. Nani mkweli? Na kwa nini muziki huu unapendwa kiasi hiki kwenye matamasha?"

Marahaba, mdogo wangu. Umenikumbusha vijiwe vya Dar, mtu akitamka tu kwamba Msondo ni zaidi ya Sikinde, chai inapoa mezani na hakuna anayekumbuka kuinywa. Ila wale wa Msondo na Sikinde walikuwa na nafuu moja. Walibishania dansi, jiji lilelile, magitaa na matarumbeta ya aina ileile, hivyo angalau walijua wanapima nini. Ninyi mmeweka mezani vitu vitano tofauti mkaviita kimoja, ndiyo maana kila mtu ana jibu lake na kila jibu lina ukweli kidogo.

Msimamo wangu ni huu: jina "metali ya Waviking" linataja hadithi inayosimuliwa, ya mabaharia wa kale wa Skandinavia, halitaji mlio. Mimi ni fundi mitambo, kazi yangu ni kukaa nyuma ya meza ya sauti, na hapo hadithi hainisaidii kitu. Bendi ikipanda naangalia ngoma zinapigwaje, gitaa lina mkwaruzo gani, mwimbaji anaimba au ananguruma. Kwa vipimo hivyo, orodha yako haina hata bendi mbili zinazofanana kweli.

Chukua Týr. Wanatoka visiwa vya Faroe, Heri Joensen anaimba kwa sauti safi kabisa, na wimbo uliowatambulisha, Ormurin langi, ni shairi la kwao la karne ya 19. Watu wa visiwa hivyo huliimba bila ala yoyote, wameshikana mikono, hatua mbili kushoto na moja kulia, mstari wa watu unazunguka chumba na miguu ndiyo ngoma. Týr waliurekodi 2002 wakauvisha magitaa. Mtu wa Tanga aliyesikia tenzi zikighanwa atauelewa upesi kuliko Mjerumani: mizani imeshika usukani, gitaa limepanda kama abiria.

Moonsorrow, Wafini, ni dunia nyingine. Albamu yao ya 2007 ina nyimbo mbili tu, mmoja wa dakika 30 na mwingine wa dakika 26. Wape saa moja jukwaani, wakizipiga hizo mbili muda umekwisha. Ensiferum nao ni Wafini, lakini wao wana haraka: kinanda, kwaya, vipande vya nyimbo za kienyeji vinavyokimbia. Enslaved walianza Norwei mwaka 1991, mpiga gitaa Ivar Bjørnson akiwa na miaka 13, mtoto wa shule. Albamu yao ya kwanza, ya 1994, ni blaki metali, ile ya kasi na mayowe, na karibu yote wameiimba kwa Kiaislandi, kwa kuwa ndiyo lugha iliyobaki karibu zaidi na ile ya Waviking. Leo muziki wao una kona nyingi, shabiki wa Pink Floyd anaweza kukaa humo akajiona kwao. Na Amon Amarth ni dethi metali: mngurumo, ngoma nzito, magitaa mawili yanayoimba pamoja juu yake.

Kwa hiyo rafiki yako wa pembe za bia amekosea, ingawa nimecheka. Yeye amehesabu ngao, hakuhesabu milio. Siku ya bendi sita zote za dethi metali ya kasi moja ingemchosha zaidi kufikia saa kumi jioni, na sidhani kama angelalamika, kwa sababu fulana zingekuwa na picha tofauti.

Huyu wa pili ndiye mgumu, maana yuko upande mmoja na bendi yenyewe. Johan Hegg, mwimbaji wa Amon Amarth, amekuwa akisema miaka nenda rudi kwamba wao ni bendi ya dethi metali inayoimba kuhusu Waviking. Hata jina lao halikutoka kwenye masimulizi ya kale ya Kinorse, yaani ya watu wa Skandinavia. Ni jina la mlima wa moto katika riwaya za Mwingereza Tolkien, wakalichukua vijana wa Tumba, nje kidogo ya Stockholm, mwaka 1992. Bendi maarufu kuliko zote za "Waviking" ina jina lililotungwa na profesa wa Oxford. Hilo halinisumbui, lakini ukitaka kumkasirisha mtu wa asili halisi, mwambie hilo.

Ila kumwelewa huyo rafiki lazima urudi kwa Bathory. Wengine walishaimba habari za Waviking kabla, Led Zeppelin walifanya hivyo 1970 baada ya kutoka Iceland, lakini huo ulikuwa wimbo mmoja. Bathory ilikuwa ya Quorthon, Mswidi, ambaye kwa miaka ya themanini alipiga metali chafu ya kishetani kuliko karibu mtu yeyote. Kisha akachoka. Hoja yake ilikuwa nyepesi na kali: shetani naye ni wa Wakristo, ukimwimba bado umo ndani ya kanisa lao. Akageukia waliokuwepo kabla ya kanisa. Albamu ya 1988, Blood Fire Death, inafunguka kwa upepo na farasi, na jalada lake ni mchoro wa Mnorwei Arbo wa mwaka 1872, jeshi la miungu likikimbia angani. Miaka miwili baadaye ikaja Hammerheart. Hapo akapunguza mwendo, akaacha kukaripia akaanza kuimba, akajaza kwaya nyuma. Sauti yake si nzuri. Inapasuka, inakosa noti, mahali pengine unamwonea huruma. Lakini sikiliza wimbo wake mrefu wa mwisho, unaosimulia kijiji cha pwani siku dini mpya ilipofika na watu wakaanza kujenga kanisa. Mwimbaji mwenye koo safi angeuharibu. Huyu anaimba kama mtu aliyekuwepo akashindwa kufanya chochote.

Sasa, ukiichukua Hammerheart kama kipimo, yaani mwendo wa polepole, kwaya, huzuni ndefu, basi kuna mlio unaoweza kuitwa wa Waviking, na rafiki yako ana haki. Ila kwa kipimo hicho kwenye orodha yako anabaki Moonsorrow peke yake. Amwambie na Enslaved wa leo watoke, tuone kama atathubutu. Na jambo la kuchekesha ni kwamba Bathory, baba wa ukoo, tangu kipindi hicho hakupanda jukwaani. Muziki unaojaza viwanja ulizaliwa studio, kwa mtu asiyetaka watazamaji. Alifariki 2004, bado kijana.

Wa tatu, wa televisheni, nitampita haraka. Tamthilia maarufu ya Waviking ilianza kuonyeshwa 2013. Miaka mitano kabla, 2008, msafara wa Paganfest ulishazunguka Ulaya na Ensiferum, Moonsorrow na Týr ndani ya ratiba moja, ukavuka hadi Amerika na Turisas, na mwaka huohuo Amon Amarth wakatoa albamu iliyowatoa kwenye kumbi ndogo. Televisheni ilimwagilia shamba la jirani: Wardruna, kikundi cha Einar Selvik, aliyetunga sehemu ya muziki wa tamthilia hiyo. Wale hawana magitaa ya umeme kabisa, ni vinubi vya kale, pembe na ngoma za ngozi. Ni kweli wasikilizaji wao wengine hutembea hadi kwenye metali, lakini njia ilikuwa imeshakanyagwa. (Turisas, kama hujawasikia: ni Wafini waliopaka nyuso rangi nyekundu na nyeusi, wakaimba kuhusu askari wa Kinorse waliomlinda mfalme wa Bizanti, na mwaka 2007 wakarekodi upya Rasputin ya Boney M. Mpigie mjomba wako, atacheza.)

Muziki huu unapendwa kwa nini, basi? Hapa acha niongee kama fundi, kwa sababu mashabiki husahau kwamba tamasha hufanyika kiwanjani.

Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde. Aliyesimama mita 100 kutoka jukwaani anasikia pigo karibu theluthi moja ya sekunde baada ya kuona fimbo ikigusa ngoma. Sasa chukua blaki metali ya kasi, mapigo 220 kwa dakika, ngoma ya mguu ikigongwa mara nne katika kila pigo. Hiyo ni karibu vishindo 15 kwa sekunde. Sauti inayotoka spika za mbele na ile inayogonga ukuta wa mahema ikarudi zikitofautiana mita 23 tu za safari, kishindo kimoja kinakanyaga kinachofuata. Ongeza upepo. Niliwahi kukaa mezani usiku mmoja wenye upepo wa kutoka baharini, bendi nzuri sana jukwaani, wanapiga kama mashine, na kilichonifikia kibandani ni mvua juu ya bati. Nilizungusha kila kitufe nilichokuwa nacho. Watu walisimama mikono mfukoni wakiheshimu, basi.

Bendi iliyofuata ilikuwa ya mwendo wa kati, gitaa linakwenda kama farasi wa mteremko, kiitikio cha maneno manne. Sikugusa kitu. Kila pigo lilikuwa na nafasi ya kufika, kukaa, na kuondoka kabla ya lingine. Nyimbo nyingi zinazopendwa za Amon Amarth zimejengwa hivyo, na nina hakika hawakupiga hesabu za mita 23. Wamepiga viwanjani miaka zaidi ya ishirini na masikio yakawafundisha.

Halafu kuna makasia. Kama hujawahi kuona, nakueleza nilivyoona kutoka kwenye kibanda cha mitambo. Wimbo unafika mahali gitaa linashuka, na katikati ya umati mtu mmoja anakaa chini. Kwenye tope, na suruali yake. Wa nyuma yake anakaa, miguu kulia na kushoto kwa mwenzake. Ndani ya nusu dakika kuna mistari, watu mia, mia mbili, wote wametazama upande mmoja, wananyoosha mikono mbele, wanavuta. Mvuvi wa Kilwa angewacheka, maana hawainui kasia kutoka majini, wanavuta tu kama wanaburuta gunia. Lakini wanavuta pamoja. Na wanavuta pamoja kwa sababu kila mmoja anafuata mgongo ulio mbele yake, haitegemei sauti imechelewa au la. Aliye mita kumi na aliye mita themanini wako ndani ya jahazi moja. Amon Amarth walipoona hivyo inatokea kila mahali wakatoa na wimbo wa makasia kabisa, mwaka 2022. Sikulaumu hilo. Mwenye duka akiona wateja wanaomba chapati, anakanda.

Linganisha na njia nyingine za kushiriki metali. Kusukumana mbele ya jukwaa kunahitaji ujana na mbavu nzima. Kuimba maneno ya blaki metali kunahitaji kuyajua, na nusu hayasikiki. Kupiga kasia kunahitaji makalio tu. Nimeona baba na binti yake wa miaka kama kumi. Nimeona mama wa makamo aliyekuja kumsindikiza mwanawe akakaa chini kabla ya mwanawe. Hadithi nayo iko hivyohivyo, inafungua mlango kwa yeyote: safari, dhoruba, rafiki aliyekufa, kurudi au kutorudi nyumbani. Huhitaji kugombana na kanisa wala kujua siasa za mtu ndipo uingie.

Waandaaji wanalijua. Wacken, tamasha la metali hapo juu yenu, kaskazini mwa Hamburg, ilianza 1990 na bendi sita na watu kama 800. Leo inachukua 85,000, kwenye kijiji ambacho wenyeji wake ni kama 2,000 tu, na ina mtaa wake mzima wa mambo ya kale, wahunzi, mahema, watu waliovaa manyoya. Tiketi za 2024 zilikwisha ndani ya saa chache, bendi nyingi zikiwa bado hazijatangazwa. Maana yake kubishana kuhusu bango ni starehe ya mashabiki kuliko ilivyo hesabu ya mwenye mlango. Watu wananunua siku nne za kuwa mahali fulani. Waviking ni sehemu ya mahali hapo, kama tope. Kati ya hivyo viwili, tope ndilo lenye nguvu: 2023 mvua ililazimisha waandaaji kufunga milango maelfu ya wenye tiketi wakiwa bado nje.

Kuna jambo hukuuliza, lakini wewe ni kijana mweusi unakwenda kusimama kwenye umati wenye nyundo za Thor, mungu wa kale wa Kinorse, shingoni, na ningekuwa kaka mbaya nikilipita. Manazi walizichukua alama za Kinorse, na wapo wajukuu zao wa kifikra wanaozivaa mpaka leo. Bendi nyingi zimechoka kuchafuliwa. Týr walitoa wimbo 2011, Shadow of the Swastika, kukataa hadharani kubebeshwa mzigo huo. Mimi kwenye matamasha makubwa nimepata matatizo machache kuliko kwenye treni ya usiku ya kurudi. Kwenye vikumbi vidogo vya mashambani angalia kwanza nani yuko kwenye ratiba, siyo tu jina la juu, na fulana zinazouzwa mlangoni. Ukiona alama usizozielewa, waulize wenzako hao watatu kabla ya kununua tiketi.

Na anayekuambia Waviking walikuwa kitu kimoja cheupe, mpe historia. Mwaka 2020 wanasayansi walichapisha uchunguzi wa vinasaba vya watu 442 wa kale, wengi wao wa zama hizo, wakakuta mchanganyiko mkubwa, na hata watu waliozikwa kwa mila za Waviking huko visiwani Orkney, Scotland, bila damu ya Skandinavia. Kofia zenye pembe? Zilichorwa na mbunifu wa mavazi kwa ajili ya opera ya Wagner, 1876. Kofia inayojulikana zaidi ya zama hizo, iliyopatikana Gjermundbu, Norwei, mwaka 1943, haina pembe. Na kisiwani Gotland, Sweden, mwaka 1999 ilifukuliwa hazina ya fedha ya kilo 67, sarafu zaidi ya 14,000, nyingi mno zikiwa dirhamu za Waislamu. Karne zilezile, vyombo vya pwani yetu vilikuwa vinapeleka pembe za ndovu Ghuba. Huenda Mviking na mtu wa Shanga, mji wa kale wa pwani yetu, walilipwa kutoka kwenye mifuko ya soko lilelile bila kujuana.

Turudi kwenye bango lako, maana hapo ndipo una kosa la kweli, na wenzako wote watatu hawakuliona. Umechagua vizuri ukapanga vibaya. Hukuniambia mpangilio zaidi ya kuanza na Amon Amarth na kumalizia na Megadeth, lakini kama ndivyo ulivyodhani siku iende, utawaua watu.

Mimi ningefungua na Týr saa saba mchana. Jua kali, watu bado wanatafuta maji, sauti safi na viitikio vinavyodakika kwa kusikia mara moja. Ensiferum wafuate, watu waamke. Kisha Megadeth, ndiyo, katikati, saa kumi na moja, na najua utaambiwa huwezi kumweka Dave Mustaine, kiongozi wao, katikati. Ni tamasha la kufikirika, mwambie avumilie. Wao ndio mapumziko ya hadithi uliyoyahitaji, magitaa makavu yasiyo na meli wala dhoruba. Moonsorrow jua linapozama, wape dakika sitini zao na nyimbo zao mbili, aliyechoka akanunue chakula. Enslaved giza likiwa limeingia, kwa sababu taa zao ni nusu ya muziki.

Amon Amarth mwisho. Weka dakika 45 kamili kabla yao, usiniambie 30. Bendi hiyo hutembea na mapambo, kwenye ziara moja ngoma zilipandishwa juu ya kofia ya chuma kubwa kama kibanda, na kitu cha aina hiyo hakisukumwi na vijana wanne wenye usingizi. Na kama mvua imenyesha mchana, omba wafanyakazi wamwage majani makavu mbele ya jukwaa saa hiyo ya kubadilisha. Kuna watu wanakuja kukaa hapo.